Kupiga picha za infraredi ufukweni Mikindani

Mkuu, umesema umepiga minazi ya Mikindani kwa Rollei Infrared 400, filamu inayonasa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na filta nyekundu ya kawaida, majani yakatoka kijivu tu badala ya meupe. Filamu haina kosa. Filta hiyo inapitisha mwanga mwekundu mwingi unaoonekana kwa macho, nao unaimeza infraredi. Tafuta filta ya nanomita 720 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ile wanayoiita R72. Ni nyeusi tii, ukichungulia huoni kitu, kwa hiyo panga picha na uweke fokasi kwanza, ndipo uifunge. Lenzi ikiwa na alama ndogo nyekundu pembeni ya mstari wa fokasi, sogeza umbali uliopata hadi kwenye alama hiyo. Haina? Funga tundu la lenzi hadi f/11, eneo lililo kwenye fokasi liwe pana zaidi.

Stendi ni lazima, maana filta hiyo inapunguza mwanga mno na picha huchukua muda mrefu. Usiiamini mita ya mwanga ya kamera ukishafunga filta. Pima bila filta ukiwa umeweka ISO (wepesi wa filamu kwa mwanga) 12, kisha rudia picha ileile kwa 6 na kwa 3. Filamu ni ghali, najua, lakini kubahatisha ni ghali zaidi.

Saa sita mchana, ambayo wengi wanaikimbia, hapa ndiyo yako: anga la buluu linakuwa jeusi, mikoko inang'aa kama imemwagiwa chokaa. Mawingu yakitanda, rudi nyumbani. Filamu ipakie na uitoe kivulini kabisa, maana plastiki yake hupitisha mwanga kuanzia kwenye ulimi, ile ncha inayochomoza nje ya kopo la filamu, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.