Bwawa la koi uani, Dodoma: anza na hesabu ya maji

Kabla hujamwita fundi wa kuchimba, piga hesabu ya maji. Bwawa lenye urefu wa meta 3, upana wa meta 2 na kina cha meta 1.2 linabeba lita 7,200. Hapo weka koi (samaki wa mapambo wenye rangi) watano au sita tu, maana huyo unayemnunua akiwa na ukubwa wa kidole anaweza kufika sentimeta 60. Kina usikipunguze: maji mafupi hupata joto kali Oktoba, hupoa haraka usiku wa Julai, na korongo huingia kwa miguu akajichotea.

Ninachotaka ukielewe kuliko vyote ni kiangazi chetu. Tangu Mei hadi Novemba mvua ni ya kubahatisha, na jua na upepo mkavu hunyonya bwawa kila siku. Wengi hujazia kwa mpira wakaamini wamebadilisha maji. Hawajabadilisha. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi na taka za samaki zinabaki, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi tangu ardhini. Mstari mweupe ukutani ndio dalili. Kila wiki toa kwanza sehemu moja ya kumi, yaani lita 720, ndipo ujaze. Hayo uliyotoa peleka kwenye mipapai na mchicha, kwani yana mbolea.

Maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza matamvua ya samaki. Nunua simtanki la lita 1,000, yakae humo siku mbili mfuniko ukiwa wazi, ukiyakoroga mara kwa mara. Siku ya mgao utakuwa na akiba pia.

Klorini hiyohiyo huua bakteria wa kwenye chujio, na hao ndio uhai wa bwawa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, kwa hiyo tanguliza samaki mmoja au wawili. Pipa lenye kokoto na sponji linatosha kuwa chujio, pampu ikisukuma lita 3,600 kwa saa. Sponji ioshe kwa maji ya bwawa, kamwe si ya bomba.

Zege jipya hutoa chokaa: jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia. Na usijenge chini ya mwarobaini, hata kama kivuli chake kinakuvutia. Majani yake yakiloweka hutoa sumu kwa samaki. Tumia neti ya kivuli.

Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, basi umeme ukikatika usiku wa Novemba samaki wanaweza kufa kabla hakujakucha. Weka pampu ya hewa ya betri, uichaji kwa sola. Ukiwakuta alfajiri wanahema juu ya maji, washa pampu hiyo na usiwape chakula mpaka watulie. Siku za kawaida, wape kile wanachomaliza ndani ya dakika tano.