Nilihamisha tovuti 11 kwenda seva yangu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyasahau

"Kaka, tovuti haifunguki tena."

Saa nne asubuhi, niko kwenye daladala. Mteja ana tovuti ya nafasi za kazi, na asubuhi hiyo lilikuwa limetoka tangazo kubwa la ajira. Nikafungua kwenye simu, nikakuta kosa la 508: akaunti imefikia kikomo cha matumizi. Mara ya tatu mwezi ule.

Tovuti zangu zilikuwa kwenye hostingi ya pamoja, yaani kompyuta moja (seva) inayobeba tovuti za watu wengi. Ni kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU. Mpangaji mmoja akichomeka pasi na jiko la umeme, yuniti zinawaishia nyote. Safari hii mwenye pasi nilikuwa mimi, na mwenye nyumba alinibana ili wengine wapumue. Siwezi kumlaumu.

Nikakodi seva nzima, Ujerumani, ramu GB 64. Niseme ukweli hapa mwanzoni: sikuihitaji. Kati ya tovuti zangu 11, kumi zilikuwa ndogo tu: shule, duka la vitenge, wakala wa safari za Zanzibar. Ile ya kazi ilikuwa inaichokonoa databesi upya kwa kila msomaji ilhali tangazo ni lile lile; kuwekewa kashe, yaani kuhifadhi ukurasa ulio tayari na kuutoa tena kwa kila msomaji, kungeipunguzia mzigo mwingi. Kama bado ingeelemewa, VPS (kipande cha seva ulichotengewa peke yako) ingetosha kuanzia. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapigi hesabu.

Kama wewe umeshapima na umeona lazima uhame, anza na DNS, mfumo unaotafsiri jina la domeni kuwa anwani ya seva, siku mbili kabla. Tafuta namba ya TTL kwenye rekodi za domeni. Mara nyingi utakuta sekunde 14400, yaani muda wa saa nne, au 86400, siku nzima. Huo ndio muda ambao mitandao ya watu inaruhusiwa kukumbuka anwani yako ya zamani. Ishushe iwe 300, dakika tano. Lazima uishushe mapema, maana aliyekwisha kuichukua ile ya siku nzima ataishikilia siku nzima, ubadilishe usibadilishe.

Mafaili hayana shida. Kama hostingi yako inaruhusu SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa amri), tumia rsync, programu ya kunakili mafaili, na nakili mara mbili: mara ya kwanza tovuti ikiwa inaendelea na kazi, mara ya pili usiku wa kuhama, ambapo itachukua yaliyobadilika tu. Kabla ya mara ya pili funga tovuti kwa muda na ndipo utoe nakala ya databesi. Ukiacha duka wazi, kuna mtu ataweka oda saa sita usiku na oda yake itabaki kwenye seva unayoiaga.

Kisha ijaribu seva mpya kabla ya kugeuza domeni. Kwenye kompyuta yako fungua faili la hosts (Linux na Mac liko /etc/hosts), andika IP mpya (anwani ya namba ya seva) na jina la domeni. Kompyuta yako peke yake itaona kwamba tovuti imeshahamia. Bofya kila kitu: fomu, picha, kuingia, kulipa. Ukimaliza, ufute huo mstari. Mimi niliusahau, nikashinda siku nzima nikimwambia mwenye duka "mbona kwangu inafunguka vizuri?"

Na huko kwenye duka ndiko nilikoumia. Kampuni inayotuunganisha na malipo ya simu ilikuwa imesajili IP yetu ya zamani, na ombi lolote kutoka IP nyingine linakataliwa. Fomu hiyo niliijaza miaka miwili nyuma, nikaisahau kabisa. Tovuti ikafunguka, kikapu kikajaa, mteja akibonyeza "lipa", kimya. Kusajili IP mpya kulichukua siku mbili kwa sababu barua ilitakiwa iwe na muhuri, na mwenye muhuri alikuwa amesafiri. Kabla hujagusa kitu, kaa chini uandike kila huduma ya nje inayozungumza na seva yako: malipo, SMS, mfumo wa uhasibu. Kwa kila moja uliza kama wanaijua IP yako.

Barua pepe ilinitoa jasho zaidi. Kwenye hostingi ya pamoja inakuja bure na mtu mwingine anaitunza, kwa hiyo hukumbuki kwamba ni kazi. IP niliyopewa ilikuwa imewahi kutumiwa na mtu mwingine, na nikaikuta kwenye orodha ya watuma barua taka. Juu ya hapo, tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma awe na SPF au DKIM (rekodi za DNS za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli), na IP yake iwe na rekodi ya PTR inayorudi kwenye jina. Sikuwa na PTR. Ankara za wakala wa safari zikawa zinaishia kwenye takataka. Ushauri wangu ni mfupi: barua pepe usiihamishie kwenye seva yako. Iache ilipo, au lipia huduma ya barua pepe pembeni.

Baada ya hapo tovuti ya kazi ikawa nzito kuliko zamani! Ramu yote ile, na MySQL, programu ya databesi, ilikuwa inatumia MB 128 tu kwa innodb_buffer_pool_size (ramu ya kushikilia data), kiwango inachokuja nacho. Kule nilikotoka kuna mtu aliyekwisha kuirekebisha bila kuniambia. Saa nayo: seva ilikuwa kwenye UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo ripoti ya saa kumi na mbili asubuhi ikawa inatoka saa tatu.

Usalama sitauzungumzia sana. Zima kuingia kwa neno la siri, tumia funguo za SSH, weka masasisho yajiendeshe. Siku ya kwanza tu logi yangu ilijaa watu wanaojaribu kuingia kama root (akaunti kuu ya seva), na sikuwa nimemtangazia mtu.

Bekapu lakini, hapo simama. Seva yangu ina diski mbili kwenye RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, na kwa wiki nzima nilijiona nimelindwa. RAID inakuokoa diski ikifa. Ukifuta folda kwa makosa, inaifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka moto, jengo la SBG2 likateketea, na wapo waliopoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao zilikuwa hapo hapo. Nakala yako ikae kwa kampuni nyingine, nchi nyingine ikiwezekana, na siku moja ijaribu kuirudisha.

Akaunti ya zamani usiifunge mapema. Lipia mwezi mmoja zaidi. Wiki ya nne, mwalimu wa taaluma wa ile shule alinipigia: ukurasa wa matokeo ya mitihani ya ndani haufunguki. Ukurasa gani? Kumbe mtu aliyenitangulia alitengeneza subdomeni yenye databesi yake, na haikuwa kwenye orodha yangu. Nikaingia kule kwa zamani, nikaikuta, matokeo ya miaka minne. Zilikuwa zimebaki siku mbili akaunti ifutwe.