Je, ni vikuku vilivyowapa ushindi watu wa nyika?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba wafugaji wa kuhamahama wa Asia ya Kati waliyashinda majeshi makubwa kwa sababu ya vikuku vya kukanyagia juu ya farasi, maana bila hivyo mtu hawezi kupiga mshale farasi akiwa mbioni. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kikuku kinapewa sifa zisizo zake. Tazama tarehe tu. Sanamu za kale zinazoonyesha vikuku zimepatikana China, za karne ya 4 BK, na Ulaya vilifika na Waavari, wafugaji wengine wa nyika, katika karne ya 6. Lakini tayari mwaka 53 KK, huko Carrhae (leo kusini mwa Uturuki), Waparthi wa Iran wapatao 10,000, ambao ukoo wao wa kifalme ulitoka nyikani, walilisambaratisha jeshi la Crassus wa Roma lililowazidi mara tatu na zaidi. Vikuku hawakuwa navyo. Warumi walijikinga kwa ngao wakingoja mapodo ya adui yakauke. Hayakukauka: nyuma ya wapiga mishale kulikuwa na ngamia waliosheheni mishale ya akiba.

Mpandaji wa zama hizo alijishikiza kwa mapaja. Ndiyo maana watu wa farasi walishona suruali mapema mno. Moja iliyofukuliwa karibu na Turfan, magharibi mwa China, ina umri wa miaka 3,000 hivi, na katikati ya miguu ina kipande kipana cha kumwezesha mtu kupanua mapaja. Mwaka 307 KK, Mfalme Wuling wa Zhao, China, aliamuru askari wake waache kanzu wavae suruali kama wafugaji wale. Wakubwa wa baraza walinuna kweli kweli, lakini amri ikapita.

Silaha yenyewe ni upinde. Ulikuwa mfupi, ili mpigaji auvushe shingo ya farasi toka kushoto kwenda kulia bila kukwama. Katikati ni mti; upande unaomwelekea mpigaji umebandikwa pembe, isiyovunjika kirahisi ikibanwa; upande wa nje ni kano za mnyama, ambazo huvumilia kuvutwa. Vyote vimeshikwa kwa gundi. Ukiufungua ugwe, upinde hujikunja kwenda mbele, kinyume na unavyovutwa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Adui yake ni unyevu, unaolegeza gundi.

Lakini ukiniuliza mimi siri ni nini, nitakwambia nyasi. Mmongolia wa karne ya 13 alikwenda vitani na farasi watatu au zaidi, akibadilisha kila mmoja anapochoka. Hakuwabebea nafaka. Farasi wale walijilisha, hata kwa kufukua theluji kwa kwato, na majike walitoa maziwa ambayo askari walikunywa yakiwa yamechachuka. Kwa hiyo jeshi halikuburuta mikokoteni mingi ya chakula, na liliweza kutokea mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Majira ya baridi ya 1237 na 1238 waliivamia Urusi wakitumia mito iliyoganda kama barabara.

Sasa piga hesabu upande wa pili. Askari 10,000 ni farasi 30,000 au zaidi, na wote wanataka malisho na maji kila siku. Mwaka 1260 Hulagu, kamanda wa Wamongolia, aliondoka Syria na sehemu kubwa ya jeshi. Kifo cha kaka yake, Khan Mkuu Möngke, kilichangia, lakini katika barua aliyomwandikia mfalme wa Ufaransa mwaka 1262, Hulagu mwenyewe alitaja uhaba wa malisho. Kikosi kidogo alichokiacha kilipigwa na Wamamluki, askari wa asili ya utumwa waliotawala Misri, huko Ain Jalut katika Palestina, Septemba mwaka huohuo wa 1260. Hapo nako dawa ya moto ilikuwa moto: wengi wa Wamamluki hao walikuwa Wakipchaki, waliouzwa utumwani wakiwa vijana kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Baybars, aliyekuwa mmoja wa makamanda siku ile na baadaye sultani, alikuwa mmoja wao.