Seli Haijui Gramu, Inahesabu Chembe

Juzi nimepokea ujumbe wa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza, hapa Nairobi: "Mwalimu, hesabu za moli zinanimaliza, na maswali ya seli ndani ya myeyusho ndiyo siyaelewi kabisa. Wewe uliwezaje?"

Nilipokuwa sekondari, niliambiwa mbele ya darasa zima kwamba kemia si ya watu kama mimi. Maneno yale bado yananichoma. Leo jioni zangu huishia mtaani Umoja, nikifundisha kemia ile ile, na wanafunzi wangu wanapita. Najivunia hilo, na sitalificha.

Kilichonifungua macho ni maji ya dripu. Yale ya chumvi ni asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Yale ya glukosi ni asilimia 5, gramu 50 kwa lita. Nilijiuliza: inakuwaje yote mawili yasiidhuru damu, ilhali gramu zimeachana hivyo? Basi nikapiga hesabu. Moli ni fungu la idadi maalumu ya chembe, kama dazani ilivyo fungu la kumi na mbili. Moli moja ya chumvi ni gramu 58.5, kwa hiyo 9 ÷ 58.5 ni moli 0.154. Lakini chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni za sodiamu na za kloridi, kwa hiyo chembe ni maradufu: 0.308. Moli ya glukosi ni gramu 180, nayo haigawanyiki: 50 ÷ 180 ni 0.278. Damu iko karibu na 0.29. Siku hiyo nilicheka peke yangu.

Ukishaliona hilo, mengine yanafuata. Maji huelekea penye chembe nyingi. Seli nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu, itavimba mpaka ipasuke. Kwenye chumvi kali itanywea. Huna maabara? Kata waru, yaani kiazi, vipande, kimoja ulaze kwenye maji ya chumvi nyingi, kingine kwenye maji matupu. Asubuhi vibonyeze.

Jamani, acheni kukariri majibu ya mitihani iliyopita! Andika kipimo kando ya kila namba: gramu, moli, lita. Andika kabla ya kushika kikokotoo. Andika hata ukiwa umechoka.

Sasa chukua chumvi ya asilimia 3. Chembe zake zisipozidi za damu zaidi ya mara tatu, rudia hesabu. Kisha nitumie hatua zote, si jibu peke yake.