Jibu: Mwongozo wa Blender unamtosha anayeanza?

Ndugu yangu, umeuliza kama mwongozo rasmi wa Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D kwenye kompyuta, unatosha kujifunzia bila mwalimu. Kwa kuanzia, hapana. Unaeleza kila kitufe kinafanya nini. Haukuambii uanze na kipi ukitaka kutengeneza kiti tu. Anza na video fupi, ila angalia tarehe: toleo la 2.80 la mwaka 2019 lilibadilisha sura ya programu, hata kuchagua kitu kukahamia kitufe cha kushoto cha kipanya. Video za kabla ya hapo zitakuchanganya bure. Mwongozo upakue mzima kama EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, uusome bila intaneti. Hapa Goma mega zinaisha upesi, na umeme ndiyo usiseme. Ukikwama kwenye Bevel, zana ya kulainisha kona, soma humo mistari ya Segments, yaani idadi ya vipande vya kona, kisha ongeza namba uone kona zinavyolainika.