Maswali yenu kuhusu tamthilia nzito

Safari hii maswali yote yanahusu tamthilia za mauaji, dhuluma, maradhi na familia zinazovunjika, zile ambazo mtu huzimaliza amechoka kama aliyetoka kuzika. Tumeyafupisha maswali na kuacha kiini chake.

Nalipia king'amuzi kila mwezi, halafu nakaa kuwalilia watu ambao hawapo. Kwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu furaha siyo kitu pekee tunachokifuata kwenye runinga. Zamani wataalamu wengi waliona kwamba mtu huchagua kipindi kama anavyochagua kivuli: penye nafuu ndipo anapokwenda. Dolf Zillmann aliiandika nadharia hiyo mwaka 1988, na kwa vichekesho inafaa sana. Kwenye majonzi ikagota. Mwaka 2011 watafiti Mary Beth Oliver na Arthur Raney walionyesha kwamba mtazamaji ana haja mbili zinazoweza kukaa pamoja: ya kuburudika na ya kupata maana. Machozi yako mengi yanatoka kwenye hiyo ya pili. Unamlilia mama wa kwenye hadithi huku ukimfikiria wako, na unapozima runinga unatamani kumpigia simu.

Kuna pia jambo la pilipili. Hakuna mtoto anayezaliwa akiipenda. Ulimi unaungua, mwili unapiga kelele za hatari, na akili inajua hakuna hatari yoyote. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake waliandika mwaka 2013 kwamba huzuni ya kwenye hadithi inanoga kwa njia hiyohiyo. Lakini shikilia sharti lake: inanoga maadamu akili inajua uko salama. Hadithi ikifanana mno na jambo linalokukabili wiki hii, ule usalama haupo tena, na pilipili imemwagikia kidonda.

Na usitazame peke yako kama una wa kutazama naye. Mwaka 2016 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya kusikitisha kuhusu maisha ya mtu asiye na makazi, wakawapima uvumilivu wa maumivu kabla na baada kwa kuwakalisha mgongo ukutani bila kiti. Walioguswa na filamu walivumilia muda mrefu zaidi, na walijisikia karibu zaidi na wale waliokuwa nao chumbani.

Baba watoto huinuka kila panapoanza pa kusikitisha. Hana huruma? (Msomaji, Mombasa)

Inawezekana anaumia kuliko wewe. Kumhurumia mtu na kuumia mwenyewe kwa kumwona ni vitu viwili. Mwanasaikolojia Mark Davis alivitenganisha katika kipimo chake cha huruma cha mwaka 1983. Mwenye la kwanza husogea karibu na skrini. Mwenye la pili hukimbia, kwa kuwa maumivu ya mhusika yamekuwa yake na njia pekee ya kuyazima ni kutoka sebuleni. Mwangalie kabla hajainuka: mabega yamepanda, pumzi ni fupi, mkono umeshaifuata simu. Watu wengi wanaoshika simu kwenye tukio zito hawajachoshwa na hadithi, wanajificha. Mwambie mapema sehemu ya leo ina nini, kisha mwache achague. Na kama kazi yake ni wodini, polisi au mahakamani, amekwisha kutazama tamthilia yake mchana kutwa.

Kuna tamthilia niliipenda sana msimu wa kwanza. Sasa naona mateso tu. Nimebadilika mimi au yenyewe? (Msomaji, Nairobi)

Mara nyingi ni yenyewe. Uzito haumfukuzi mtazamaji. Kinachomfukuza ni uzito usiosogea. Mhusika akipigwa, akatoroka, akakamatwa, akapigwa tena, bila kujifunza wala kuamua lolote jipya, moyo hujilinda kwa kufa ganzi. Ukiona tukio la kutisha na hujisikii chochote, fahamu hapo ndipo hadithi ilipokupoteza.

Chukua The Handmaid's Tale, tamthilia ya wanawake wanaolazimishwa kuwazalia watawala watoto. Msimu wa kwanza, wa mwaka 2017, ulikuwa na sehemu 10 na riwaya ya Margaret Atwood ya mwaka 1985 nyuma yake. Kitabu karibu kiliishia hapo, ilhali tamthilia ilikwenda misimu sita, hadi 2025. Kuanzia msimu wa pili watazamaji wengi walilalamika kwamba ukatili unajirudia. Walikuwa na haki. Mhusika mkuu alilazimika kubaki palepale penye mateso ili hadithi iendelee kuwepo.

Sasa iweke kando ya Chernobyl ya mwaka 2019, inayohusu ajali ya mtambo wa nyuklia ya Aprili 26, 1986. Kwa maudhui ni nzito pengine kuliko ile: wazima moto wanaoza wakiwa hai, na katika sehemu ya nne vijana wanatumwa kuua mbwa walioachwa vijijini. Lakini ni sehemu tano tu, na kila sehemu ina swali lake la kujibiwa: nini kimelipuka, nani anajua, maji yatolewe vipi chini ya mtambo, nani atapanda juu ya paa. Mtazamaji aliyepewa kazi ya kufikiri huvumilia mengi. Halafu kuna mahali pa kushusha pumzi. Sehemu ya tatu waziri aliyevaa suti safi anakwenda kuwaomba wachimba makaa wasaidie, nao mmojammoja wanampapasa kwa mikono myeusi hadi suti yote inachafuka. Unacheka, na dakika chache baadaye unawaogopea kwa kuwa umeshawapenda.

Kwa hiyo kabla ya kuanza msimu mpya jiulize matatu. Je, mhusika bado anaamua kitu, au anatendwa tu? Kuna hata tukio moja la kicheko au upole katika kila sehemu? Mwisho umepangwa, au msimu unaongezwa kwa kuwa uliopita uliuzika? Majibu mawili yakiwa mabaya, acha bila kujilaumu. Sehemu 20 ulizokwishatazama si deni.

Nasikia watu wakisema Waswahili tunataka mapenzi na vichekesho tu, tamthilia nzito ni za Wazungu. Kweli? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli, na Dodoma yenyewe ni shahidi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio Twende na Wakati, kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango, wakati ugonjwa ukiua watu kila mtaa. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, na mkewe Tunu walijulikana nchi nzima. Hadi mwaka 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walilinganishe na maeneo mengine. Kwingine waliosikiliza walieleza mabadiliko katika mienendo yao. Hadithi haikuwa nyepesi, ila ilisukwa kwa mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na kati yao yule anayeyumba, anayekosea na kujirekebisha. Huyo wa katikati ndiye msikilizaji. Tamthilia nzito isiyo naye humwacha mtu nje ya mlango.

Nimefiwa na dada yangu miezi mitatu iliyopita. Kila nikifungua tamthilia nakutana na msiba. Niache kabisa? (Msomaji, Mwanza)

Pole sana. Si lazima uache, ila usikutwe bila kujua. Kwanza soma muhtasari hadi mwisho. Usiogope kwamba utamu utapotea: mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiambiwa mwisho mapema, na walioambiwa hawakufurahia pungufu, kwa jumla walifurahia zaidi. Pili, tumia tovuti ya Does the Dog Die, ambako watazamaji hujibu maswali mahususi: mtoto anakufa? kuna tukio la hospitali? Onyo fupi linalotokea mwanzoni mwa kipindi halitoshi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha maonyo hayo hayapunguzi maumivu, huongeza tu wasiwasi wa kusubiri. Unachohitaji ni kujua tukio liko sehemu ya ngapi ili uliruke kwa rimoti.

Na chagua umbali. Msiba wa enzi nyingine au nchi nyingine huvumilika kwa urahisi kuliko wa nyumba inayofanana na yenu.

Mwanangu wa miaka 13 anataka kutazama Adolescence, wenzake wote wameitazama. Nimruhusu? (Msomaji, London)

Tazama wewe kwanza, sehemu zote nne. Kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata, kwa hiyo hakuna pa kupumua. Ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake kwa mtoto. Inahusu mvulana wa miaka 13 anayeshtakiwa kumuua msichana wa shuleni kwake. Mauaji yanaonekana kwa mbali tu kwenye kamera ya ulinzi. Penye uzito hasa ni sehemu ya tatu, mazungumzo ya mvulana na mwanasaikolojia. Ukimruhusu, kaeni pamoja, sehemu moja kwa siku, mchana, kisha muulize amemwelewa nani na hakumwelewa nani. Usimwulize amejifunza nini, atakupa jibu la darasani.

Kama tamthilia inaonyesha mtu akijiua, kuwa mkali zaidi. Netflix yenyewe iliondoa tukio la namna hiyo katika 13 Reasons Why mwaka 2019, miaka miwili baada ya kulirusha.

Nikitazama usiku, picha moja inanirudia hadi alfajiri. Nifanye nini? (Msomaji, Muscat)

Inayorudi ni picha, kwa hiyo ipe macho kazi nyingine. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya kutisha ya dakika 12, wakasubiri nusu saa, kisha baadhi wakacheza Tetris dakika 10. Waliocheza walirudiwa na picha hizo mara chache zaidi katika wiki iliyofuata, na bado waliikumbuka filamu vizuri. Mchezo wowote wa kupanga maumbo unaweza kujaribiwa. Kusikiliza redio hakushughulishi macho.

Jambo la pili ni mahali unapozima. Waandishi huweka tukio la kukuacha roho juu dakika za mwisho ili usilale. Usizime hapo. Endelea na sehemu inayofuata kwa dakika 10 au 15, hadi fumbo lifunguke na wahusika wakae chini wazungumze, kisha uzime katikati ya mazungumzo hayo.