Jibu: difrensiesheni (kutafuta kasi ya badiliko) ya x²(3x + 1)

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kosa lako liko wapi: umedifrenshieti kila kipande, x² na 3x + 1, peke yake, 2x na 3, ukazidisha ukapata 6x. Hapo ndipo mwalimu alipokukata. Kanuni ya kuzidisha inataka udifrenshieti kipande kimoja huku kingine kikibaki kilivyo, ubadilishane zamu, kisha ujumlishe: 2x(3x + 1) + x²(3) = 9x² + 2x.

Kwa nini kujumlisha? Fikiria mapato ya korosho, kilo mara bei. Bei ikipanda, unapata nyongeza kwa kilo zote ulizonazo; kilo zikiongezeka, unapata nyingine kwa bei iliyopo. Nyongeza mbili, hazizidishani.

Hakiki mwenyewe: fungua mabano kwanza, 3x³ + x², kisha shusha vipeo (zidisha kwa kipeo, halafu kipunguze kwa moja). Kwa swali hili mimi ningeanza hivyo hivyo, ni fupi zaidi.